Shingo na mgongo wa daktari wa meno: mwongozo kamili wa kufanya kazi bila kuumia

Mwombe daktari wa meno akuonyeshe namna anavyokaa kazini, naye atakaa sawasawa kabisa. Sasa mpe gego la pili la juu kushoto, upande wa shavuni, kwa mgonjwa mwenye ulimi usiotulia. Baada ya dakika 10 mtazame tena. Kiwiko cha kulia kimepanda hadi usawa wa bega, kiuno kimepinda upande mmoja, shingo imeinama na kugeuka kwa pamoja, na uso wake unakaribia kugusa uso wa mgonjwa. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Jino lilijificha, naye akalifuata.

Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilianza kwa kuamka na shingo iliyokaza, nikaja kupata kidole gumba cha mkono wa kulia kinachokufa ganzi, na wakati wote nilijiambia kuwa ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya maumivu yetu inatokana na mambo yanayoweza kubadilishwa leo, mengi yao bila kununua chochote, na yote yanarudi kwenye jambo moja: mdomo wa mgonjwa uletwe mbele ya macho yako, macho yako yasiufuate mdomo.

Kabla ya hatua zenyewe, fahamu kinachotokea mwilini. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikienda mbele, misuli ya nyuma ya shingo inakuwa kamba inayokizuia kisianguke. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo, Kenneth Hansraj, alichapisha makadirio ya mzigo huo: shingo ikiinama nyuzi 15 inabeba kama kilo 12, ikifika nyuzi 30 kilo 18, na ikifika nyuzi 60 kilo 27. Ni hesabu iliyotokana na kielelezo, si kipimo kilichochukuliwa ndani ya shingo ya mtu, lakini inaeleza vizuri kwa nini mwisho wa siku unajiona kama umebeba mtoto shingoni.

Zaidi ya uzito kuna utulivu. Msuli unaojikaza na kulegea husukuma damu. Msuli uliokazwa bila kulegea huibana mishipa yake wenyewe ya damu, uchafu wa kazi ukajikusanya ndani yake, ukaanza kuuma. Sisi hatuinui vitu vizito. Tunatulia, ndiyo shida, na tunatulia tukiwa tumepinda.

Watu hudhani kukaa kulikuja kutuokoa. Hadi katikati ya karne ya 20 madaktari wengi wa meno walifanya kazi wamesimama. Mwaka 1957 John Borden alileta drili ya hewa ya Airotor iliyozunguka hadi mara 300,000 kwa dakika, na mwaka 1958 kikaja kiti kinachomlaza mgonjwa kabisa. Tangu hapo daktari akaanza kukaa. Miguu ilipumzika, ila shingo na kiuno havikupona, kwa sababu wengi wetu tulikaa na kuendelea kuinama kama waliosimama.

Hatua ya 1: Jione kwanza

Usibadilishe chochote kabla ya kujiona. Weka simu juu ya kabati au rafu, nyuma yako na kidogo upande wa kulia, irekodi dakika 10 za kazi ya kawaida. Elekeza kamera isichukue uso wa mgonjwa, na umwombe ruhusa hata hivyo. Siku nyingine irekodi kutoka ubavuni. Usijitayarishe, ukikaa vizuri kwa ajili ya kamera umejidanganya.

Ukiangalia, simamisha video kila baada ya dakika moja na ukague mambo manne: sikio liko juu ya bega au mbele yake? Mabega yako usawa mmoja? Kiwiko kiko karibu na mbavu au kimeruka kama bawa? Mstari wa mkanda wa suruali au sketi umelala sawa au umeinama upande mmoja? Andika na jino ulilokuwa ukilitibu. Utagundua haraka kwamba hupindi siku nzima. Unapinda kwa meno fulani, na kwa daktari anayetumia mkono wa kulia mara nyingi ni magego ya juu.

Pamoja na video, andika kwa wiki mbili unapoumwa, saa ngapi, na baada ya kazi gani. Maumivu ya chini ya kisogo na yale ya kati ya makombe ya mabega mara nyingi yanatoka kwenye kichwa kilichoenda mbele. Yanayokaa juu ya bega moja yanatoka kwenye kiwiko kilichoinuliwa. Ya kiuno upande mmoja yanatoka kwenye kujipinda kufuata tray ya vifaa au kufuata mdomo ulio mbali.

Hatua ya 2: Mgonjwa ndiye asogee

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo penye faida kubwa, na wengi wetu hupapita haraka kwa kumwonea mgonjwa haya.

Kwanza, kichwa cha mgonjwa kifike mwisho kabisa wa kiti. Unapolaza kiti mgonjwa huteleza kidogo kuelekea miguuni, kichwa kikabaki sentimita 8 au 10 chini ya ukingo wa kiegemeo. Sentimita hizo 10 ndizo unazozifuata kwa kiuno chako siku nzima. Ukishalaza kiti, mwambie: “Tafadhali jisogeze juu mpaka kichwa kifike ukingoni.” Subiri afanye. Kama ni mfupi au ni mtoto, ni hivyohivyo, kichwa ukingoni, miguu itajijua. Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ningefundisha hilo.

Pili, pembe ya mgongo wa kiti. Kwa taya la juu, mlaze kabisa, miguu iwe sawa na kichwa au juu kidogo. Kwa taya la chini, inua mgongo wa kiti nyuzi 20 hivi. Wengi hulaza kiti nusu, wakabaki na nusu hiyo kwa meno yote 32. Kwa taya la chini wataona vizuri. Kwa taya la juu watalazimika kuchungulia kutoka chini kama fundi aliye chini ya gari.

Tatu, kichwa chenyewe. Kidevu kinapanda kwa taya la juu na kushuka kwa taya la chini. Kisha kuna kugeuza, na kanuni yake ni rahisi kukumbuka. Upande wa jino unaokutazama wewe: mgonjwa ageuke kidogo kwenda mbali nawe. Upande wa jino uliokupa kisogo: mgonjwa akugeukie. Usimwambie “geuka kidogo” ukaachia hapo, kwa sababu atageuka nyuzi 5. Mshike kichwa kwa mikono miwili, taratibu, umgeuze mwenyewe hadi unapotaka, kisha umuulize kama yuko sawa. Baada ya dakika chache atakuwa amerudi katikati bila kujua. Mrudishe.

Nne, wewe uko wapi. Chukulia kichwa cha mgonjwa kama uso wa saa ya ukutani, utosini ni namba 12 na kidevuni ni namba 6. Daktari wa mkono wa kulia anaishi kati ya namba 9 na namba 12. Wa mkono wa kushoto kati ya 12 na 3. Wengi wetu hukwama kwenye 9 au 10. Ni mahali pazuri kwa baadhi ya nyuso za meno, lakini ukikaa hapo kwa kila kitu unalazimika kujipinda ubavu na kuinua kiwiko juu ya kifua cha mgonjwa. Sogea hadi 11 na 12 mara nyingi kadiri uwezavyo. Ukishindwa kupita kwa sababu ya ukuta, kabati au waya nyuma ya kiti, basi tatizo la shingo yako ni la samani. Sogeza kabati.

Tano, urefu wa kiti. Mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa viwiko vyako au juu kidogo, mabega yakiwa yamelegea. Ukiuweka juu sana mabega hupanda kuelekea masikioni. Ukiuweka chini sana unainama. Ukisogeza kiti chako, urefu wa mgonjwa nao upimwe upya.

Turudi kwenye lile gego la pili la juu kushoto. Mgonjwa alale kabisa, kichwa ukingoni, kidevu juu. Uso wa shavuni wa jino hilo umekupa kisogo, kwa hiyo ageuke kukuelekea, nyuzi 30 au 45 za kweli. Wewe uko namba 11. Sasa mwambie afunge mdomo nusu na asogeze taya la chini upande wa kushoto. Wengi hufanya kinyume, wakamwambia apanue zaidi, na kila anapopanua mfupa wa taya husogea mbele na kuziba nafasi ile ile tunayoihitaji. Akifunga nusu, shavu linalegea, kioo kinaingia, kinalivuta shavu na papo hapo kinakuonyesha jino. Shingo yako haijasogea.

Wapo wasioweza kulala hivyo. Mama mjamzito katika miezi ya mwisho apate mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ili alalie kidogo ubavu wa kushoto, mimba isibane mshipa mkubwa wa damu. Mwenye moyo dhaifu au shida ya pumzi asilazwe. Kwa hawa simama. Kusimama kwa kazi fupi hakuna ubaya, na kung'oa jino mara nyingi ni rahisi zaidi ukiwa umesimama, miguu imetanuka kidogo, mgonjwa ameinuliwa hadi usawa wa viwiko vyako. Asiyependa kulazwa kwa woga tu, mweleze: “Nitakulaza dakika chache nione vizuri, ukitaka kuinuka inua mkono wa kushoto.” Wengi hukubali wakielezwa.

Hatua ya 3: Kiti chako

Kiti cha daktari kipandishwe kuliko unavyozoea. Mapaja yateremke kidogo kutoka nyongani kwenda magotini, nyonga ikifunguka nyuzi 110 hadi 125, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Mapaja yakiwa sawa na sakafu au magoti yakiwa juu ya nyonga, fupanyonga huviringika nyuma, mpindo wa asili wa kiuno hupotea, na kichwa hufuata kwa kwenda mbele. Ndiyo maana mtu hurekebisha shingo mwezi mzima bila mafanikio: shingo inaanzia kwenye makalio.

Kiti chenye umbo la tandiko la farasi hukulazimisha kufungua nyonga, na kinakuruhusu kumkaribia mgonjwa. Kina wiki mbili ngumu za kuzoea. Anza kwa saa moja kwa siku. Kama huna, kunja taulo, uliweke kwenye nusu ya nyuma ya kiti chako cha kawaida ili nyuma iwe juu kuliko mbele. Utasikia tofauti kiunoni papo hapo. Kiti chenye kiegemeo kina maana endapo kiegemeo kinagusa kiuno chako. Wengi tunakaa ukingoni mwa kiti, kiegemeo kikabaki pambo.

Mapaja yako yaweze kuingia chini ya kiegemeo cha kichwa cha mgonjwa. Pedali nayo iwe karibu, kisigino kibaki chini ya goti au mbele yake kidogo, na uibadilishe mguu baada ya wagonjwa kadhaa. Toa simu na pochi kwenye mfuko wa nyuma. Ukikaa juu ya pochi saa 6, fupanyonga limeinama saa 6.

Hatua ya 4: Macho yaone bila shingo kuinama

Mwili hufuata macho. Ukiwa huoni utainama hata ukijua madhara yake, kwa hiyo usitegemee nidhamu. Rekebisha kuona.

Anza na kupimwa macho. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kushindwa kuona karibu, na wengi wetu huijaza nafasi hiyo kwa shingo kabla hatujakiri kwamba tunahitaji miwani. Tahadhari na miwani yenye nguvu tofauti juu na chini. Ile sehemu ya kusomea iko chini ya kioo, nayo hukufanya uinue kidevu huku ukipeleka kichwa mbele, pozi baya kuliko lile la mwanzo. Omba miwani ya kazi iliyopimwa kwa umbali wako halisi wa kazini.

Kisha lupu, yaani miwani ya kukuza. Kukuza mara 2.5 kunatosha kuanzia. Lakini lupu mbaya huumiza kuliko kutokuwa nayo, na ubaya wake huwa kwenye vipimo viwili. Cha kwanza ni umbali wa kazi: upimwe ukiwa umekaa kwenye kiti chako, mabega yamelegea, mdomo wa kielelezo ukiwa usawa wa viwiko. Ukipimwa umesimama dukani au umeinama, lupu itakufunga kwenye kuinama huko kila siku, kwa kuwa ukijaribu kunyooka picha inatia ukungu. Cha pili ni pembe ya mteremko wa lenzi. Lenzi ziteremke kiasi kwamba macho ndiyo yanayotazama chini na shingo isiiname zaidi ya nyuzi 20. Jaribu ukiwa na kielelezo cha taya mbele yako, mtu mwingine akikutazama kutoka ubavuni. Siku hizi zipo pia lupu zenye prizimu, ambazo hupinda mwanga ili utazame mbele moja kwa moja huku ukiona chini. Zinasaidia sana shingo, ila zina uzito wake na zinahitaji muda wa kujifunza kuratibu mkono na jicho. Kwa matibabu ya mizizi ya jino, hadubini ya kliniki hukukalisha wima kuliko kifaa chochote.

Taa iwe karibu na mstari wa macho yako. Ikitoka pembeni, mkono wako unatia kivuli, nawe unainama kukikwepa. Kwa sehemu kubwa ya kazi isogeze juu ya kichwa chako, nyuma kidogo. Taa ya kichwani hulimaliza jambo hili, mradi iwe nyepesi.

Mwisho, kioo. Kuona kupitia kioo ndiko kunakookoa shingo katika taya la juu, na wengi hukitumia kuvuta shavu tu kwa sababu drili na maji vinakichafua na mkono unakwenda upande usiotakiwa. Jifunze nje ya mdomo. Weka kioo mbele ya karatasi, ufuatishe kwa kalamu maumbo unayoyaona kwenye kioo, dakika 10 kila siku kwa wiki tatu. Mkono utabadilika. Tumia kioo ambacho uso wake wa mbele ndio unaoakisi, kisionyeshe taswira mbili, ukishike mbali na jino kadiri inavyowezekana, na msaidizi akipulizie hewa mfululizo. Kabla hujainama, jiulize kama kioo kingefika.

Hatua ya 5: Mikono

Hapa nitapita haraka. Kifaa butu kinataka nguvu, na nguvu ya vidole hupanda hadi begani, kwa hiyo noa vifaa vya kuondolea ugaga mara kwa mara, hata katikati ya mgonjwa. Vifaa vyenye mpini wa unene wa milimita 10 na uzito usiozidi gramu 15 havichoshi misuli ya mkono kama vile vyembamba au vizito. Daima pata jino la kuegemezea kidole. Mpira wa drili usivute: kama lazima uushikilie kwa vidole usirudi nyuma, uegemeze kwenye mkono au ubadilishe njia unayopita. Glavu ziwe za saizi yako, na zile zenye mkono wa kulia na wa kushoto hazibani sana chini ya gumba kama zile za mkono wowote.

Tray iwe ndani ya duara la mkono wako wa mbele, kiwiko kikiwa ubavuni. Tray iliyo nyuma ya bega inakupindua kiuno labda mara 60 kwa mgonjwa mmoja.

Hatua ya 6: Msaidizi naye ana mgongo

Inaniuma kuona daktari amenunua kiti kizuri huku msaidizi wake akikalia stuli ya plastiki. Msaidizi anafanya kazi akiwa mbali zaidi na mdomo, akishika saksheni, mrija wa kufyonza mate na maji, kwa mkono uliopinda, akichungulia juu ya vidole vya mwenzake. Huumia kama sisi, na husikilizwa mara chache.

Akae kati ya namba 2 na namba 4, macho yake yakiwa juu ya yako kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa kuwa atakuwa juu, stuli yake lazima iwe na duara la kuwekea miguu. Magoti yake yaelekee upande wa kichwa cha mgonjwa, asikae sambamba na kiti akajipinda. Vifaa vipitishwe chini ya kidevu cha mgonjwa, juu ya kifua, kila mmoja akinyoosha mkono wa mbele tu. Daktari naye akumbuke: ukimgeuza mgonjwa kukuelekea, umemnyima msaidizi nafasi ya kuona. Muulize, “Unaona?” Akisema haoni, jambo la haki ni kutafuta pozi linalowafaa wote wawili.

Mtaalamu wa maabara ya meno husahaulika hata kuliko msaidizi. Meza yake iwe na pa kuegemeza mikono ya mbele, kazi iinuliwe hadi usawa wa kifua, na taa na kikuzio viwe mbele yake.

Hatua ya 7: Vunja utulivu

Pozi zuri lililodumu dakika 40 bila kuvunjwa nalo huumiza. Kila dakika 10 hivi pata sekunde 20 au 30 za kugeuza mwili kinyume. Huhitaji saa ya kengele, kazi yenyewe ina vituo: ganzi inasubiriwa kushika, kijazo kinasubiriwa kukauka, picha ya eksirei inasubiriwa, mgonjwa anasukutua. Vituo hivyo tunavitumia kuandika faili tukiwa tumeinama. Vitumie hivi:

- Rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, kama unayetengeneza kidevu cha pili, shika sekunde 5, mara tano. Usiinamishe wala kuinua kichwa.
- Kusanya makombe ya mabega nyuma na chini, kama unayeyatia kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Sekunde 5, mara tano.
- Simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma polepole mara tatu.
- Kama ulikuwa umepindia kushoto, nyoosha mkono wa kushoto juu na ujilaze kulia, sekunde 15. Sikiliza siku yako: ulipindia wapi, nyoosha kinyume.

Katika ratiba, usipange matibabu ya mizizi ya magego mawili yakifuatana. Weka katikati mgonjwa wa uchunguzi au wa kutoa nyuzi. Mgonjwa mgumu awe wa mapema, kabla misuli haijachoka. Kama wewe si mpangaji wa ratiba, zungumza na anayepanga, kwa takwimu za ule uandishi wako wa wiki mbili.

Hatua ya 8: Misuli ya kukubeba

Mazoezi yasianze na kunyanyua vyuma vizito. Misuli yetu inayohitajika ni ya uvumilivu: ile ya ndani ya shingo mbele, ile ya chini ya makombe ya mabega, ya tumbo la ndani, na ya makalio. Misuli ya juu ya mabega na ya kifua tayari imekaza. Ukiiongezea uzito wakati shingo inauma, mara nyingi utazidisha tatizo.

Mara tatu kwa wiki, dakika 20. Vuta mpira wa mazoezi kuelekea mbavuni huku viwiko vikiwa chini, mara 15, raundi tatu. Piga magoti na viganja, unyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, sekunde 10, kisha badilisha. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, sekunde 20 kila upande. Malizia kwa kusimama mlangoni, mikono ya mbele imeegemea fremu, ukipiga hatua moja kwenda mbele hadi kifua kivutike, sekunde 30. Zoezi likileta maumivu makali au ya kushuka mkononi, liache.

Tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki. Na jioni inua simu hadi usawa wa macho. Ukiinamia simu saa mbili baada ya kuinamia wagonjwa saa nane, umefanya kazi saa kumi.

Hatua ya 9: Ukiwa tayari unaumwa

Hauko peke yako: mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno. Maumivu mengi ya ghafla ya kiuno hupungua ndani ya wiki 6. Usilale kitandani siku nzima; endelea kutembea, punguza kazi zinazochokoza, tumia joto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaweka mbele elimu na mazoezi, na unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, kuvutwa uti wa mgongo, na dawa za jamii ya afyuni. Sisi tuna dawa za maumivu kabatini, kwa hiyo nasema kwa msisitizo: usimeze ibuprofeni asubuhi ili uweze kuinama hadi jioni. Umezima kengele, moto bado unawaka.

Usitishwe na picha za uti wa mgongo pia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, ukihusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, ulionyesha kuwa kuchakaa kwa diski, yaani mito iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha isomwe pamoja na mwili wako, na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yetu. Mpelekee ile video.

Kufa ganzi kwa mkono kuchukulie kwa uzito. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku na kupungua ukikung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni na kubadilika ukigeuza kichwa, mara nyingi imeanzia shingoni. Matibabu yake ni tofauti, kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, ukidhoofika miguu yote miwili, mikono ikianza kuangusha vitu na miguu kuyumba, au maumivu yakija pamoja na homa. Maumivu ya usiku yasiyotulia kwa pozi lolote, kupungua uzito bila sababu, au historia ya saratani, mwone daktari bila kuchelewa.

Hatua ya 10: Uanzie wapi Jumatatu

Usibadilishe yote kwa pamoja, utakata tamaa. Wiki ya kwanza: kichwa cha mgonjwa ukingoni na kiti kulazwa kabisa kwa taya la juu, kila mgonjwa. Wiki ya pili: kiti chako na sehemu yako kwenye uso wa saa. Wiki ya tatu: kioo, taa, na ahadi ya kupima macho. Wiki ya nne: vituo vya sekunde 30 na mazoezi. Utachelewa kazini kidogo mwanzoni, dakika 2 au 3 kwa mgonjwa, kisha utarudi kwenye mwendo wako.

Mwisho wa wiki ya nne rekodi video nyingine, mahali palepale, jino la aina ileile. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu. Kama sikio bado liko mbele ya bega, usikimbilie kununua lupu. Tazama kwanza kichwa cha mgonjwa kiko sentimita ngapi kutoka ukingoni.